Msikate Mkanda Kabla Dalali Hajaingia

Kuna uongo mmoja unaopendwa sana juu ya filamu za muziki za zamani za Marekani, zile zinazosimulia maisha ya waimbaji na wachezaji nyuma ya pazia la jukwaa. Uongo wenyewe unasema kwamba filamu hizo zilikuwa pipi tu. Eti watu walikuwa na njaa, Hollywood ikawapa miguu mizuri, manyoya na nyimbo tamu, wakasahau shida zao, basi. Uongo huu unarudiwa na wanaozipenda filamu hizo na wanaozidharau. Anayezipenda anasema, "Aa, raha ya zamani hiyo!" Anayezidharau anasema, "Kasumba ya mabepari hiyo!" Wote wawili wanakumbuka kitu kile kile, na wote wawili, nathubutu kusema, hawakukaa mpaka mwisho wa picha.

Leo nataka kubishana na wote wawili.

Tuanze na mfano ulio wazi kuliko yote. Mwaka 1933 kampuni ya Warner Bros. ilitoa filamu iitwayo Gold Diggers of 1933. Mwongozaji alikuwa Mervyn LeRoy, na michezo mikubwa ya jukwaani ilipangwa na Busby Berkeley. Filamu inaanza na Ginger Rogers akiwa amevikwa sarafu, nyuma yake wasichana wengine nao wamevaa sarafu, na kuna sarafu nyingine kubwa kama sinia la pilau. Wanaimba kushangilia kwamba siku za ukata zimekwisha, pesa imerudi mjini. Hicho ndicho kipande kinachojulikana dunia nzima. Arthur Penn alipotengeneza Bonnie and Clyde mwaka 1967 alikichomeka humo, majambazi wake wakikitazama katika ukumbi wa sinema walikojificha. Jumba la Broadway lilipoigeuza 42nd Street kuwa mchezo wa jukwaani mwaka 1980, wimbo huo ulihamishwa kutoka filamu yake ukatiwa humo, wachezaji wakishangilia kama kawaida. Leo mtu akitaka kuonyesha kwamba fulani kapata hela, wimbo huo ndio anaoupiga.

Sasa nikuulize, ndugu msomaji: katika filamu yenyewe wimbo ule unaishaje?

Hauishi. Unakatizwa. Wale wasichana wako mazoezini, onyesho halijafunguliwa, na wimbo ungali unaendelea wakati wanapoingia watu wa sherifu, yaani kwa lugha yetu dalali wa mahakama na vijana wake. Mtayarishaji hajalipa madeni. Basi mapambo yanabebwa, vyombo vinabebwa, na wasichana wanavuliwa hata zile sarafu walizozivaa. Wimbo wa kushangilia utajiri unavunjwa na dalali! Baada ya hapo tunawaona watatu kati yao chumbani kwao, kodi imewashinda, na mmoja, anayechezwa na Aline MacMahon, anachukua koleo anaiba chupa ya maziwa dirishani kwa jirani ili wapate kifungua kinywa. Ikitokea tetesi ya kazi, wanachangishana nguo ili mmoja wao apendeze akaulizie kwa niaba ya wote.

Hebu nambie, hiyo ni pipi? Wimbo ule ulikuwa kejeli tangu mwanzo. Watazamaji wa 1933 waliielewa, maana wengi wao walikuwa wanamjua dalali kwa sura. Walicheka kwa sababu aliyetunga mzaha alikuwa anajua wanachokijua. Waliokuja baadaye wakachukua nusu ya kwanza ya mzaha, nusu ya pili wakaitupa, halafu wakatuambia kwamba watu wa zamani walikuwa wajinga wa kupumbazwa na vimulimuli. Mzaha uliokatwa nusu hubadilika ukawa tangazo la biashara, na ndivyo ulivyotumika.

Filamu hiyo hiyo inavyomalizika ni jambo kubwa zaidi, na ndilo lisilotajwa kabisa. Haimaliziki kwa arusi. Wapenzi wanapatanishwa upesi upesi nyuma ya jukwaa, halafu pazia linafunguka kwa mchezo wa mwisho, unaohusu mtu aliyesahauliwa. Joan Blondell amesimama chini ya taa ya barabarani, mwanamke wa kujiuza, na polisi anataka kumkamata mwanamume mmoja mzururaji. Joan anafunua ukosi wa koti la yule mtu, na ndani yake kuna nishani ya vita. Polisi anaondoka. Kisha tunawaona wanaume wakienda vitani kwa maandamano, watu wanawashangilia, halafu wanarudi chini ya mvua wamefungwa bendeji, wengine wamebebwa. Kisha tunawaona kwenye mstari wa kupokea chakula cha bure. Filamu inakwisha hapo.

Mambo hayo hayakutoka kichwani mwa mtunzi tu. Kiangazi cha 1932 maelfu ya askari wa zamani wa Vita Kuu ya Kwanza walikwenda Washington kudai walipwe mapema kiinua mgongo ambacho sheria ya 1924 iliwaahidi kwa mwaka 1945. Walijenga vibanda, wakakaa humo na wake zao na watoto. Tarehe 28 Julai 1932 jeshi, chini ya Jenerali Douglas MacArthur, liliwatimua, na vibanda vikateketea kwa moto. Kabla mwaka haujatimia, Warner Bros. ikawaweka watu hao jukwaani. Berkeley mwenyewe alikuwa ofisa wa jeshi katika vita hiyo, na huko Ufaransa alikuwa akipanga magwaride. Wanaomkumbuka Berkeley wanakumbuka wasichana wanaofunguka na kufumba kama ua, wakipigwa picha kutoka juu darini. Sawa, alifanya hivyo. Lakini mkono ule ule uliowapanga wasichana kama petali ndio uliowapanga wanaume kwenye foleni ya mkate. Ua tumelitunza katika kumbukumbu, foleni tumeiacha itoweke.

Mimi kila nikifika kipande kile nafikiria Kariakoo. Silazimishi mambo, vita ni ile ile. Mtaa wetu mkubwa wa Dar es Salaam ulipata jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa jeshi la Mwingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na Nairobi nao wanayo Kariokor yao. Wapagazi wale walikufa kwa maelfu, kwa magonjwa na njaa zaidi kuliko kwa risasi. Tulichobaki nacho ni sanamu ya askari pale katikati ya jiji, iliyowekwa mwaka 1927, na jina la soko ambalo wanunuzi wengi hawajui limetoka wapi. Basi mtu wa Kariakoo ana haki ya kukaa mbele ya filamu ile na kusema: hii habari naijua. Lakini ataijuaje kama anachoonyeshwa ni sarafu za Ginger Rogers tu?

Twende kwenye 42nd Street yenyewe, iliyosambazwa rasmi Machi 1933, mwezi ambao mabenki ya Marekani yalifungwa. Muulize yeyote aliyewahi kusikia habari zake, atakusimulia hivi: nyota mkuu kaumia mguu, msichana wa safu ya nyuma anaitwa ghafla, anapewa usiku mmoja tu, anatoka jukwaani kama mtu asiyejulikana na kurudi akiwa nyota. Hadithi hiyo imezaa watoto na wajukuu. Mashindano ya kusaka vipaji, ya kwao na ya kwetu, yamejengwa juu yake. Kila kijana anayepanga foleni kutwa kwenye jua na namba imebandikwa kifuani anaamini hadithi hiyo bila kujua jina lake.

Na filamu inasema nini? Kwanza, nani anamtoa msichana huyo katika safu? Si mwongozaji aliyemgundua kwa jicho lake la kipaji. Tajiri mwenye fedha za onyesho, anayetengeneza vigari vya watoto, anamleta mpenzi wake mpya, msichana aitwaye Annie, naye ni Ginger Rogers huyo huyo. Nafasi ni ya Annie. Annie anaikataa! Anasema yeye haiwezi kazi ile, lakini Peggy Sawyer anaiweza. Yaani mfanyakazi mmoja wa safu anaiachia bahati ya maisha yake kwa mwenzake. Halafu yule nyota aliyeumia, Dorothy Brock, anakuja chumbani kwa Peggy na magongo yake na kumtakia heri. Peggy anakwenda jukwaani akiwa amesukumwa na wanawake wawili, ambao kwa desturi ya hadithi za namna hii wangepaswa kumtilia sumu. Hao wamefutwa. Tumebakiwa na msichana mmoja peke yake na bahati yake.

Pili, filamu haimaliziki kwa Peggy. Inamalizika kwa Julian Marsh, mwongozaji wa onyesho, aliyechezwa na Warner Baxter. Marsh ni mgonjwa, daktari kamwonya. Fedha zake zilikwenda na maji soko la hisa lilipoanguka mwaka 1929, na anafanya onyesho hili ili apate cha kumstahi maishani. Amewaendesha wachezaji kama punda, usiku na mchana. Onyesho limefaulu. Yeye yuko nje, kwenye ngazi za chuma ubavuni mwa jumba, watu wanatoka wakisema kwamba mwongozaji huyo anasifiwa bure, kazi yote ni ya yule msichana. Anakaa kwenye ngazi, peke yake, amechoka. Mwisho. Hakuna busu wala fataki.

Mimi simlilii Marsh, alikuwa mnyapara. Ninachosema ni kwamba watengenezaji wa filamu hiyo walichagua tuondoke na picha ya mtu aliyechakazwa na kazi. Miaka zaidi ya 90 imepita na sisi tumeondoka na picha nyingine kabisa.

Na kumbukumbu hiyo ya uongo ina madhara. Tarehe 25 Agosti 1980 mchezo wa jukwaani wa 42nd Street ulifunguliwa Broadway. Mwongozaji wake, Gower Champion, alifariki siku hiyo hiyo hospitalini. Mtayarishaji David Merrick alificha habari. Aliwaacha wachezaji wacheze mpaka mwisho, wakapigiwa makofi, ndipo akapanda jukwaani, mbele ya watazamaji na waandishi wa habari, akatangaza kwamba Champion amekufa. Wachezaji, watu aliowafundisha kila hatua, walipata habari ya msiba pamoja na wanunuzi wa tiketi, vipodozi vikiwa bado usoni. Siku ya pili magazeti yalijaa. Mchezo ulikwenda maonyesho 3,486, mpaka Januari 1989.

Na watu wanasimuliaje kisa hicho? Kwa kutikisa kichwa na kutabasamu: "Ama kweli, onyesho lazima liendelee!" Samahani, bwana. Huo ni msiba wa watu uliogeuzwa bango, na sisi tumefundishwa kuuona kuwa ushujaa.

Nalijua neno hilo la "onyesho lazima liendelee" kwa mgongo wangu. Niliwahi kuwa katika kikundi kimoja cha maigizo, jina lake silitaji. Kiongozi wetu alikuwa mtu mzima, msomaji, na hadithi ya msichana wa safu aliipenda kufa. Tulipouliza habari ya mapato ya mlangoni alitujibu kwa upole, "Wanangu, msitangulize tumbo. Tangulizeni jina. Jina likija, mengine yote yatafuata." Mwenzetu mmoja alicheza na homa mpaka akaanguka nyuma ya pazia; tukaambiwa ndiyo usanii. Jina halikuja. Mapato ya mlangoni yalikuja, ila hatukujua yalikokwenda. Sasa fikiria: mzee yule angetuonyesha 42nd Street nzima, na Annie wake na Marsh wake kwenye ngazi, tungeuliza maswali mengi mno. Ndiyo maana hadithi iliyokatwa inawafaa viongozi wa namna ile kuliko hadithi nzima.

Mtasema, "Ah, hayo ni ya 1933, zama za ukata. Vipi Singin' in the Rain?" Vizuri, tuizungumze. Filamu hiyo ya 1952, iliyoongozwa na Gene Kelly na Stanley Donen, inakumbukwa kwa mtu mmoja, mwamvuli mmoja na mvua. Kuna hata hekaya kwamba maji yalichanganywa na maziwa ili mvua ionekane. Si kweli, walitega taa nyuma ya mvua. Mwaka 2006 Taasisi ya Filamu ya Marekani iliitangaza kuwa filamu bora ya muziki kupita zote, na kila mtu anaijua kwa furaha yake. Lakini inahusu nini? Inahusu wizi wa sauti. Sinema inapoanza kusema, nyota Lina Lamont ana sauti ya kukwaruza, kwa hiyo msichana Kathy Selden anafichwa amtilie sauti, na jina lake lisiandikwe popote. Mwishoni pazia linavutwa, ukumbi mzima unamwona Kathy akiimba nyuma ya Lina, na haki inatendeka.

Haya, sasa sikiliza yaliyotokea studio. Kathy alichezwa na Debbie Reynolds. Katika wimbo ambao Kathy anamtilia Lina sauti, sauti tunayoisikia si ya Reynolds. Ni ya mwimbaji aitwaye Betty Noyes, ambaye jina lake halikuandikwa kwenye filamu. Na pale Kathy anapomtilia Lina maneno ya kusema, sauti tunayoisikia ni ya Jean Hagen, huyo huyo aliyemcheza Lina. Kwa kweli sauti yake halisi ilikuwa nzuri! Kwa hiyo filamu inayotufundisha kwamba mwenye sauti apewe jina lake ilimficha mwenye sauti. Katika hadithi pazia lilivutwa. Katika studio halikuvutwa.

Na sisi watazamaji je? Tunao mwamvuli. Jina la Betty Noyes wangapi wanalijua? Kumbukumbu ya umma imefanya kile kile ambacho filamu ililaani.

Kama kuna mahali kumbukumbu hiyo iliposhonwa rasmi, ni katika filamu iitwayo That's Entertainment! ya mwaka 1974. Studio ya MGM ilichukua filamu zake za muziki, ikakata nyimbo na kutupa hadithi, ikaunganisha vipande, na nyota wa zamani wakatokea kuvitambulisha. Watu walifurika, na mimi sikatai kwamba vipande vile ni vizuri. Lakini tazama wanapotembea wale nyota. Wanatembea katika uwanja wa studio uliochakaa, rangi imebabuka, mbao zimeoza. Mwaka 1970 MGM ilikuwa imepiga mnada mavazi na vifaa vyake, na ardhi ya uwanja ilikuwa inauzwa kipande kwa kipande. Kwa maneno mengine, hata hiyo filamu ya kukusanya raha ilipigwa picha wakati dalali ameshaingia. Yuko pale, nyuma ya Fred Astaire, ukitaka kumwona. Watu hawakutaka.

Tena kukata si jambo geni kwao. Kuna watu waliokatwa wakati filamu zingali mpya. Lena Horne alipokuwa MGM, nyimbo zake zilipangwa peke yake, mbali na hadithi, ili wenye majumba ya sinema ya majimbo ya kusini waweze kuziondoa bila kuharibu filamu, kwa sababu hawakutaka kumwona mwanamke mweusi akiwa na hadhi. Ili apewe nafasi katikati ya hadithi ya nyuma ya pazia ilibidi itengenezwe filamu ya watu weusi watupu, Stormy Weather ya 1943, pamoja na Bill Robinson, Cab Calloway na ndugu wawili Nicholas, ambao mruko wao wa msamba juu ya ngazi hakuna aliyeufikia. Katika Footlight Parade ya 1933, mpanga michezo anayechezwa na James Cagney anawaona watoto weusi wakicheza kwenye maji ya bomba la barabarani, na hapo hapo anapata wazo la maporomoko ya maji yenye wasichana weupe. Filamu yenyewe inakiri wazo lilikotoka! Maporomoko yanakumbukwa. Watoto hawakumbukwi.

Na yule mtu aliyesahauliwa wa Gold Diggers, unajua nani anamwimba kwa sauti ya kutetemesha mifupa? Dirishani, katikati ya mchezo ule wa mwisho, kuna mwanamke mweusi. Ni Etta Moten. Jina lake halikuandikwa. Mwaka 1934 aliimba Ikulu ya Marekani mbele ya Rais Roosevelt. Mwaka 1957 alikuwa Accra na mumewe, mwandishi wa habari Claude Barnett, wakati Ghana inapata uhuru, na huko huko alimhoji Martin Luther King. Alifariki mwaka 2004, akiwa na miaka 102. Maisha kama hayo! Lakini mwulize mpenzi wa filamu hizo akutajie nyota wa Gold Diggers. Atakutajia sarafu.

Nasikia mtu ananiambia: "Ndugu, unazidisha. Watu walikwenda sinema kupumzika. Mwache mtu akumbuke raha yake. Unataka tukumbuke madeni?" Hoja hiyo naiheshimu, maana raha si dhambi. Mimi mwenyewe nikiuona mwamvuli wa Gene Kelly natabasamu. Lakini raha ya filamu hizi ilikuwa raha ya watu wanaojua saa ngapi dalali anapita. Wasichana wale wanacheza vizuri *kwa sababu* chakula cha kesho kinategemea mguu wa leo. Ukiiondoa njaa unaondoa na raha yenyewe, unabaki na mavazi. Anayekula pilau ya arusi baada ya kufunga siku nzima na anayeionja kwa kuidokoa hawali kitu kimoja.

Mwingine, mwenye siasa kali, ananiambia: "Wewe unawatetea mabepari wa Hollywood." Hapana. Mimi sisemi Warner Bros. walikuwa wajamaa. Machi 1933, mwezi ule ule 42nd Street ilipotoka, studio za Hollywood zilikata mishahara ya watu wao, wengine hadi nusu, kwa wiki nane. Darryl Zanuck, mtayarishaji wa 42nd Street, aliondoka Warner katika ugomvi wa kurudisha mishahara hiyo. Mwaka huo huo waigizaji wakaanzisha chama chao cha kutetea haki. Kwa hiyo walioigiza wachezaji wanaodhulumiwa walikuwa wanadhulumiwa, na walijua. Filamu zilitengenezwa na matajiri kwa ajili ya faida, nakubali. Lakini ziliandikwa, zikachezwa na kushonwa na watu wa mshahara, na ukweli wao ukapenya mule ndani kama maji yanavyopenya kwenye paa la bati. Ukisema zote ni kasumba unawanyamazisha wafanyakazi hao mara ya pili.

Miaka mingi baadaye wengine walijaribu kuwapa nafasi watu wa safu. Mchezo wa A Chorus Line, uliofunguliwa New York mwaka 1975, ulitungwa kutokana na masimulizi ya wachezaji wenyewe, waliokaa usiku kucha wakarekodiwa mwaka 1974. Wachezaji hao walisaini kuyatoa masimulizi yao kwa dola moja kila mmoja. Baadaye walipewa mgawo, lakini saini ya kwanza ilikuwa ya dola moja. Mchezo ulikwenda maonyesho 6,137. Mwisho wake ni wa uchungu: watu tuliowajua mmoja mmoja, kwa majina na majeraha yao, wanarudi wamevaa dhahabu, kofia sawa, mguu sawa, huwezi tena kujua nani ni nani. Ni kama kusema, tazameni tulivyowameza. Na umma umekumbuka nini? Umekumbuka kofia za dhahabu. Zinavaliwa kwenye sherehe.

Naandika haya katika jarida la waandishi vijana kwa sababu kazi ya kukata na kubakiza ni kazi yetu. Sisi ndio tutakaosimulia wanamuziki wetu, waigizaji wetu, akina mama wa vikundi vya taarabu, vijana wa bendi. Tayari tumeanza kuwasimulia kwa mtindo ule ule: alikuwa maskini, alikuwa na kipaji, siku moja akaonekana, akawa nyota. Aliyempisha hayumo. Aliyemtilia sauti studio hayumo. Aliyekula mapato ya mlangoni hayumo. Vyombo vilivyobebwa na mwenye deni katikati ya mazoezi havimo. Tunajiita wakweli, kumbe tunafanya kazi ya Merrick.

Basi mtu akikuletea kipande cha dakika mbili cha filamu hizi, kiwe cha sarafu au cha mwamvuli, mwambie akuonyeshe dakika inayofuata. Na wewe ukiandika habari za msanii yeyote, andika alilipwa kiasi gani, nani alimpisha, nani aliimba bila jina. Jina la Betty Noyes liandikwe. Jina la Etta Moten liandikwe. Na mwenzako wa safu ya nyuma, unayemjua wewe peke yako, mwandike naye, angali hai, ili apate kudai chake.